Praima Zako Zinakaa Wapi?

Wadogo zangu mnaohariri jeni za minyoo C. elegans kwa CRISPR, jana nimeona tena jeli ya PCR (kipimo cha kunakili kipande cha DNA) imejaa bendi safi, mtu anachekelea, na minyoo wenyewe hawana jipya. Tuongee kabla hamjamaliza Cas9 yote, ule mkasi wetu wa DNA.

1. Zungusheni mchanganyiko wa kudunga minyoo kwenye sentrifuji kwa kasi kubwa, mchote wa juu tu. Sindano ikiziba msiisingizie.

2. Vurugeni PAM, zile herufi NGG ambazo Cas9 huzitafuta kabla ya kukata, kwenye kiolezo, ile DNA ya kukarabatia mnayoidunga. NGG ikibaki nzima, Cas9 itarudi kukata mlichokwisha kukarabati.

3. Praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR. Hapa nitakaa, maana ndipo nilipoaibika. Nilikuwa naunganisha GFP, protini inayong'aa kijani, kwenye jeni. Praima moja nikaiweka ndani ya GFP, nyingine ndani ya mkono wa kiolezo (ule upande unaofanana na jeni), kwa sababu tu mfuatano huo ulikuwa wazi kwenye kompyuta. Uvivu mtupu. F1, watoto wa waliodungwa, karibu wote wakatoa bendi. N2, minyoo wa kawaida wasiochomwa sindano, hawakutoa kitu. Nitake nini tena? Nikatangaza kwenye kikao cha maabara. Chini ya darubini, giza. Nikasema jeni yenyewe haitoi protini nyingi. Nikasema taa imechoka. Nilishaanza kutunga nadharia, tena ya kupendeza, mpaka fundi wa maabara aliponiuliza kwa ule upole unaokera: "Praima zako zinakaa wapi?"

Zote zilikuwa ndani ya kiolezo. Nilikuwa napima DNA niliyoidunga mwenyewe, ambayo hujiunga minyororo nje ya kromosomu na kurithiwa vizuri tu. N2 wangenitonyaje, nao kiolezo hawana? Basi praima moja itoke nje ya mikono, na kontroli iwe N2 waliopasuliwa wakatiwa kiolezo kidogo. Bendi ikitokea hapo, zitupeni praima hizo. Kisha someni mfuatano wa maungio yote mawili, kushoto na kulia kwa GFP, si lile moja linalowapendeza.

4. dpy-10, jeni tunayoihariri pamoja na yenu iwe alama ya kuonekana kwa macho kwamba Cas9 imekata, iko kromosomu II. Jeni yenu ikiwa jirani yake, hazitaachana kirahisi, basi tumieni alama nyingine, mtaniombea dua. Wanaojiviringisha kwa alama hiyo ni wa kuchagua kwenye F1. Kwenye F2, wajukuu, chukueni wanaotambaa kawaida. Kuna mmoja, simtaji, alipenda vibonge wake wenye dpy-10 iliyobadilika, akawagandisha hivyo hivyo, halafu akaanza kupima kasi ya kutambaa. Eti jeni mpya inapunguza mwendo!

5. Wapandisheni na N2 kabla ya jaribio lolote. Na zile sahani zenye ukungu kwenye inkubeta ya nyuzi 20, mwenyewe aje azitoe leo.