Miaka 43, uso wa mafuta na madoa mashavuni: ile seti ya kuzuia uzee iache kwanza

Dada uliyeuliza, swali lako nimelisoma lote na majibu ya wenzangu pia, kila mtu kakutajia krimu yake anayoipenda, mie sitakutajia ya kwangu maana ngozi yangu si yako. Umesema una miaka 43, uko hapahapa Tanga, uso ukifika saa sita mchana unang'aa mafuta, mashavuni yametokea madoa ya kahawia taratibu taratibu, na ile mistari ya kutoka puani kushuka mdomoni imeanza kukaa. Na dukani wamekwambia uchukue seti nzima, krimu ya kolajeni (ile protini inayoshika ngozi isilegee), tona ya kupangusia uso, seramu ya vitamini C na krimu ya kung'arisha. Mie nauza vipodozi Ngamiani miaka mingi sasa na miaka 50 nimeshaivuka, kwa hiyo nakwambia ninayoyaona kwa wateja na kwenye uso wangu mwenyewe.

Kwanza ujue ngozi nyeusi haizeeki kama ya Mzungu, na nyingi ya hizi krimu zimetengenezwa watu wakifikiria ngozi nyeupe ambayo inaanza kukunjamana mapema. Sisi melanini, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, inatukinga, wataalamu waliwahi kupima wakakuta ngozi nyeusi inajikinga yenyewe kwa kiasi cha SPF 13 hivi (SPF ni ile namba ya kinga ya jua inayoandikwa kwenye krimu), ndo maana unamkuta mama wa miaka 60 pale Makorora ukaambiwa ana 48 ukakubali. Lakini melanini hiyohiyo ikichokozwa kidogo tu, na jua, na chunusi, na krimu kali, na homoni za mimba au dawa za uzazi wa mpango, inajimwaga sehemu moja na kuganda pale. Kwa hiyo kwetu uzee unaanza kuonekana kwenye rangi, uso unakuwa na mabaka, halafu ndo inakuja mistari ya puani, halafu kulegea kidevuni. Na ukisoma swali lako mwenyewe utaona kinachokukosesha raha ni madoa, mistari umeitaja mwishoni kabisa. Sasa kwa nini ununue seti ya mikunjo?

Kabla ya kununua chochote ijue ngozi yako leo ikoje, siyo ilivyokuwa ukiwa na miaka 20. Osha uso kwa sabuni laini isiyo na harufu kali, futa, usipake kitu, kaa kama saa moja hivi ndani. Ukiona inavuta na kukaza ni kavu, ikitoa mafuta paji lote na mashavu ni ya mafuta, ikitoa puani na kwenye paji tu basi ni mchanganyiko, na ikiwasha au kuwaka hata hujapaka kitu ujue kuna kitu ulikuwa unatumia kimeshaiumiza, hapo unaacha vyote na kuipumzisha. Yangu mie ilikuwa ya mafuta ujana wote, hedhi ilipokatika ikageuka kavu mpaka nikabadilisha karibu kila kitu. Na hilo lina sababu, mwanamke hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi ndani ya miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, wewe kwa miaka 43 bado una nafasi ya kujipanga.

Hela yako ya kwanza iende kwenye sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua. Najua watu hawapendi kusikia hili kwa sababu sanskrini haina mvuto wa seramu ya dhahabu, lakini hamna kitu kingine dukani kwangu chenye ushahidi kama huo. Kule Queensland Australia walichukua watu wazima 903 wenye umri chini ya miaka 55, kundi moja likaambiwa lipake kila siku, jingine lipake linavyojisikia, wakafuatilia miaka 4 na nusu wakipima ngozi ya mgongo wa mkono, matokeo yakatoka 2013: waliopaka kila siku ngozi yao ilikuwa imezeeka pungufu kwa asilimia 24. Sawa, wale ni weupe, utasema sisi tunajikinga wenyewe. Kujikinga huko kunatosha kwa kuungua, kwa madoa hakutoshi, jua la hapa kwetu karibu na ikweta ni kali mwaka mzima na siyo lazima usimame juani. Ile mionzi inayoitwa UVA inapita kwenye mawingu na kwenye kioo cha dirisha. Mwaka 2012 jarida moja la madaktari wa Marekani lilitoa picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori miaka 28, upande wa kushoto wa uso, ule wa dirishani, umekunjamana vibaya kuliko wa kulia. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo madereva wetu wa mabasi ya Dar waangalie shavu la kulia. Na wewe kama ofisini meza yako iko dirishani ndo hivyohivyo.

Chagua SPF 30 au zaidi na hakikisha imeandikwa inakinga UVA na UVB zote (UVB ndo mionzi inayounguza ngozi), maana namba ya SPF inapima zaidi UVB. Usilipie pesa nyingi kwa sababu ya namba kubwa, 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi hiyo na 50 asilimia 98. Kwa uso wako wa mafuta na hili joto letu tafuta ya jeli au ya majimaji, zile nzito za nchi za baridi utapaka asubuhi saa nne zimeshayeyuka zinaingia machoni. Kuna zenye zinki zinakuacha umepauka kama umetoka mashine ya unga, hizo ndo zinafanya dada zetu wakimbie sanskrini kabisa, sasa kuna zenye rangi ya kahawia zilizotiwa oksidi ya chuma na kwa mtu wa madoa hizo ndo bora zaidi, kwa sababu hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unachochea madoa kwenye ngozi nyeusi na sanskrini isiyo na rangi inauachia upite. Kipimo chake ni mistari miwili, mmoja urefu wa kidole cha shahada na mwingine wa kidole cha kati, kwa uso na shingo, wengi wanapaka tone halafu wanasema haifanyi kazi. Ukiwa nje unarudia kila baada ya saa 2. Mtandio na mwavuli navyo ni kinga, usiviache eti kwa vile umepaka.

Sasa hiyo krimu ya kung'arisha. Hapa naomba unisikilize mdogo wangu. Ukiwa na madoa ndo mlango wa mkorogo, yaani krimu za kujichubua, unapofunguka, mtu anataka doa litoke anapewa kitu kinachotoa ngozi nzima. Ndani yake mara nyingi kuna haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), au zebaki, au steroidi kali aina ya klobetasoli, vyote hivyo haviruhusiwi kwenye vipodozi hapa Tanzania, na tangu 2019 wanaosimamia vipodozi ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatoka, yaani umenunua uzee kwa hela yako. Haidrokwinoni ukiipaka miaka bila daktari inaweza kuleta weusi wa kama bluu mashavuni ambao kuutoa ni kazi kubwa mno, na zebaki inakwenda mpaka kwenye figo. Kikopo kisicho na orodha ya viungo, au kinachokutakatisha ndani ya siku chache, au ukikiacha tu uso unawaka moto na kutoa vipele, hicho usikirudie hata upewe bure. Nimeona wamama wazuri wakiharibika nyuso, inaniuma sana.

Kwa madoa yako anza na niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 4 au 5, ni pole, inapunguza na mafuta, na haigombani na vitu vingine. Asidi ya azelaiki nayo nzuri sana kwa ngozi zetu, inashughulikia chunusi na madoa pamoja.

Mistari ndo kazi ya retinoli, aina ya vitamini A ya kupaka. Hii ni ndugu mdogo wa tretinoini, ambayo Marekani ilianza kama dawa ya chunusi 1971, halafu daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania akasikia wagonjwa wake wa umri mkubwa wakisema ngozi imelainika, mpaka 1995 ikakubaliwa rasmi kwa mikunjo midogo. Tretinoini yenyewe ni ya daktari, usiichukue tu. Retinoli unaweza kuanza nayo ya nguvu ndogo, usiku tu, mara 2 kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima ukiwa mkavu, na juu yake mafuta yako ya kawaida. Ukiona inachubua punguza, usikaze roho, maana ngozi nyeusi ikiwashwa inalipa kwa doa jipya. Subiri miezi 3 mpaka 6 ndo uhukumu. Na kama una mimba au unaitafuta, retinoli na jamii yake yote weka pembeni.

Kolajeni ya kupaka ni molekuli kubwa haipenyi, inalainisha juu tu, na kwa kulainisha gliserini ya bei ndogo inatosha. Vitamini C ni kitu kizuri lakini joto na mwanga vinaiua, miezi ya kaskazi hii ya kwetu chupa iliyokaa kwenye rafu la dirishani imeshageuka kahawia kabla hujaifungua, ukiitaka nunua chupa ndogo nyeusi uiweke kwenye friji. Tona ruka.

Mwenzetu mmoja kakwambia liwa (ule mti wa kunukia unaosagwa na kupakwa) na singo (ile ya kusugulia ngozi) vinatosha. Liwa mie napaka, inapoza na inanukia, haina ubaya. Singo kwa mwili sawa, lakini usoni kusugua kwa nguvu huku unatumia retinoli hapana. Mafuta ya nazi kwa uso wa mafuta yanaziba vinyweleo, paka miguuni. Limau usilisogeze usoni kabisa, limau na jua vinaunguza na kuacha doa jeusi zaidi ya ulilokuwa nalo.

Kwa hiyo mwezi huu nunua sabuni laini na sanskrini yenye rangi, vijaribu nyuma ya sikio siku mbili tatu, ukiona salama endelea. Niasinamaidi ifuate baadaye, retinoli ndo ya mwisho, kimoja kimoja ili kikikudhuru ujue ni kipi. Doa likibadilika umbo, likiota juu au likitoa damu, hilo si la kipodozi, nenda kwa daktari wa ngozi. Halafu nijibu hili hapa chini: unatumia sindano, vidonge au kijiti cha uzazi wa mpango, na madoa yalianza kabla au baada ya hapo? Maana kama ni baada, ongea na muuguzi wa kliniki kwanza kabla hujatoa hata shilingi.