Simfonia za Beethoven: Seti Ipi ya Karajan?
Nunua seti ya 1961–1962, ambayo kiongozi wa okestra Herbert von Karajan aliirekodi na okestra ya Filharmonia ya Berlin katika kanisa la Jesus-Christus-Kirche, na si ile ya miaka ya 1980, ijapokuwa hiyo ndiyo ya kidijitali na huenda ndiyo sababu ikakuvutia. Simfonia zote tisa alizirekodi kwa sauti mara nne, ya kwanza akiwa London katika miaka ya 1950. Nimezisikiliza seti tatu za Berlin kwa kufuatana, na kwa sikio langu mwangwi wa kanisa lile unaipa kila ala nafasi yake, ilhali rekodi za kidijitali zina ukali unaochosha mapema, hasa kwenye fidla. Isipokuwa Simfonia ya Sita, ile inayosawiri maisha ya mashambani: humo inakwenda mbio mno, kana kwamba anayetembea mashambani anafukuzwa, kwa hiyo hiyo itafute kwa kiongozi mwingine, Karl Böhm, na Filharmonia ya Vienna, 1971. Kabla ya kulipa, soma kwenye jalada mwaka wa kurekodiwa, si wa kutolewa, kwa maana rekodi kongwe hutolewa upya mara kwa mara zikiwa na tarehe mpya.