Waipa za AUTO: kiangazi zizime, mvua ikija safisha kioo

Swali la wiki hii: waipa zinazojiwasha zenyewe mvua ikinyesha (swichi yake ikiwa AUTO) zinafaa kwa barabara zetu za Tabora na Kigoma, au ni pambo tu la magari yanayotoka Japani?

Zinafaa sana, ila lawama nyingi zinazobebeshwa sensa, yaani kifaa cha kuhisi mvua, ni za kioo. Sensa hiyo imebanwa kwenye kioo cha mbele kwa ndani, nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Hutupa mwanga usioonekana kwa macho ndani ya unene wa kioo, kwa mwinamo wa nyuzi kama 45. Kioo kikiwa kikavu, mwanga karibu wote hurudi. Tone likitua, sehemu ya mwanga hutokea nje kupitia maji, unaorudi hupungua, na waipa huamriwa kufuta. Kwa hiyo utomvu wa mwembe, mdudu aliyepasuka au tope likikaa mahali pale pale, sensa huweza kudhani ni mvua. Na Tabora nani halazi gari chini ya mwembe?

Ndiyo maana kuanzia Juni hadi mvua za Novemba zinapokaribia, swichi ya waipa ikae OFF. Mdudu mmoja akigonga mbele ya sensa, raba kavu huburuza vumbi jekundu juu ya kioo. Mikwaruzo yake ina umbo la upinde. Mchana huioni, usiku lori likikujia na taa zake, kioo kizima kinameta na njia inapotea. Kioo hicho ni vigumu kukisugua kikarudi kama zamani.

Kabla ya mvua, pangusa kioo kwa kitambaa safi chenye spiriti, hasa mbele ya sensa, kisha pitisha kitambaa hicho kwenye ncha za raba. Raba iliyokauka au kuchanika huacha utando wa maji, sensa inausoma kama mvua, na waipa hazipumziki hata mvua ikikatika. Nunua raba mpya kwa kupima urefu; ya upande wa dereva mara nyingi ni ndefu kuliko ya abiria. Usipake nta ya bodi kwenye kioo.

Kuzijaribu ni rahisi. Fungua swichi ya gari, weka AUTO; nyingi hufuta mara moja kuonyesha zimepokea. Rushia matone machache mbele ya sensa hasa, si katikati ya kioo, na uondoe mkono haraka. Zisipojibu, zungusha pete ya kwenye swichi ya waipa uongeze wepesi wa kuhisi, urudie.

Kubadilisha kioo ndiko kunakoharibu zaidi. Kati ya sensa na kioo kuna jeli angavu, laini kama ute mzito. Fundi akiirudisha ile ya zamani, au akabandika kwa gundi ya kawaida, viputo vya hewa hubaki ndani. Kila kiputo hupotosha mwanga: waipa zinafuta juani au zinanyamaza kwenye mvua. Dai jeli mpya, na kioo chenye nafasi ya sensa kwenye ule ukanda mweusi wa juu. Ukiweka tinti juu ya kioo, isipite kati ya sensa na kioo. Baadhi ya magari huhitaji pia sensa kusajiliwa upya kwa mashine ya kupimia.

Kuna mahali AUTO haitoshi hata ikiwa nzima. Ukilipita lori la tumbaku njia ya Urambo mvua ikinyesha, tope hufunika kioo kabla sensa haijajibu. Weka HI (kasi ya juu) mwenyewe kabla hujatoka kulipita. Manyunyu membamba nayo huweza kukosa kutua mbele ya sensa, basi sukuma MIST (kufuta mara moja tu) mara moja moja.

Na ukipeleka gari kuoshwa, zima AUTO kabla ya kumwachia kijana ufunguo. Akipitisha sponji pale juu swichi ikiwa wazi, waipa huruka na vidole vyake viko katikati.

Msomaji, Tabora