Macho kukauka na kope kuvimba: hauko peke yako

Pole sana, dada. Umesema macho yanakuchoma kama yameingia mchanga, asubuhi kope zimeganda magamba, na unahofia kuwa ni ugonjwa wa ajabu. Hata kidogo. Mwaka 2009 madaktari wa macho wa Marekani walipoulizwa, walisema kama wagonjwa 37 katika kila 100 wanaowaona wana uvimbe wa kingo za kope.

Mara nyingi huko ndiko ukavu unakoanzia. Kwenye kingo hizo kuna vijitezi vya mafuta yanayozuia machozi yasikauke haraka. Vikiziba, jicho linachoma, tena linaweza kutiririsha machozi, ndiyo maana wengi hawaamini wakiambiwa ni jicho kavu.

Kanda kope kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu dakika 5 hadi 10, kisha safisha taratibu mashina ya nywele zake. Fanya kila siku, maana tatizo hili hurudi. Nakusihi, usijinunulie dawa ya matone yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Inaweza kupandisha presha ya jicho. Na ukiona nywele za kope zimepinda zinakwaruza jicho, hasa kama kwenu kuna vikope (trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza), nenda kliniki ya macho upesi.