Je, kocha wa Boise State alimkosesha Ashton Jeanty tuzo ya Heisman?

Habari za jioni wakuu. Uzi huu nimeusoma tangu juzi bila kuchangia, leo naona nisipoandika sitalala.

Mkuu mleta uzi anadai Spencer Danielson, kocha mkuu wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha Boise State, ndiye aliyemkosesha mchezaji wake Ashton Jeanty tuzo ya Heisman ya 2024, ya mchezaji bora wa vyuo, kwa kumweka pembeni kila timu ilipoongoza kwa mbali, wakati kijana alikuwa anafukuzia rekodi. Wengi mmemjibu kwamba huo ni uzushi, Jeanty alizidiwa na Travis Hunter wa chuo cha Colorado aliyeshinda, basi. Mimi siafikiani na pande zote mbili. Kocha alimpunguzia kijana nafasi, hilo nitalionesha kwa hesabu. Na bado nasema hakukosea. Hayo ni maswali mawili, na tangu ukurasa wa kwanza watu wanajibu moja wakidhani wamejibu yote.

Naishi Boise, Idaho, mwaka wa tisa sasa. Mji si mkubwa lakini Waswahili tupo: Wakongo wengi waliokuja kwa mpango wa wakimbizi, Warundi, na sisi wachache wa Tanzania na Kenya. Wengi wetu tulifika hapa tukijua mpira ni ule wa miguu tu. Mimi huu wa Kimarekani nilifundishwa na wenzangu kazini, ghalani, kwa sababu Jumatatu asubuhi hakuna mazungumzo mengine. Mwaka ule wa Jeanty nilikuwa nimeshauelewa vizuri, nikanunua tiketi za mechi kadhaa kwa jasho langu.

Kwa ambao hawaufuatilii: Jeanty ni mkimbiaji. Anakabidhiwa mpira mkononi, anapita katikati ya watu wenye kilo mia na kitu wanaotaka kumwangusha, na kila yadi anayosogea inaandikwa kwa jina lake. Rekodi ya yadi nyingi kwa msimu mmoja katika daraja la juu la vyuo ni 2,628, ya Barry Sanders wa Oklahoma State, mwaka 1988. Heisman ni tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vikuu nchi nzima, inatolewa tangu 1935. Wapigakura ni zaidi ya 900, wengi waandishi wa habari za michezo, pamoja na washindi wa zamani. Kila mmoja anaandika majina matatu: wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1.

Sasa twende kwenye mechi zenyewe. Tarehe 5 Oktoba 2024 nilikuwa uwanjani, pale kwenye nyasi bandia za bluu ambazo Boise State wanazo tangu 1986. Wapinzani ni Utah State. Jeanty ana mtindo wake, kabla mpira haujaanza anasimama wima kabisa, mikono imening'inia, wakati wakimbiaji wengine wote wanainama. Ukimwona hivyo unadhani hana habari. Halafu anakabidhiwa mpira, na wale waliomgusa wa kwanza wanabaki chini. Alibeba mpira mara 13 tu, akapata yadi 186 na kufunga mara tatu. Ukafika wakati wa mapumziko. Tukarudi vitini na vikombe vyetu vya kahawa, tukamtafuta uwanjani, hayupo. Yuko pembeni, anawashangilia wenzake. Mechi iliisha 62 kwa 30.

Nakiri nilikasirika. Nilikuwa nimelipa tiketi kumwona yeye. Na jirani yangu wa kiti, mzee wa Kizungu ambaye ameishabikia timu hii tangu ujana wake, naye alikuwa anatikisa kichwa. Wiki mbili nyuma ilikuwa imetokea hivyohivyo dhidi ya Portland State: mpira mara 11, yadi 127, kazi imekwisha, 56 kwa 14.

Hizo ndizo mechi mbili zinazobeba shitaka zima, na hapa namrekebisha mleta uzi anayesema "kila mechi". San Diego State walipigwa 56 kwa 24, lakini siku hiyo Jeanty alibeba mpira mara 31, huwezi kusema alipumzishwa. Dhidi ya UNLV mwezi Oktoba mara 33. Dhidi ya Oregon State mara 37! Wyoming tulishinda 17 kwa 13 tu, Nevada 28 kwa 21. Huko alihitajika mpaka mwisho na alitumika mpaka mwisho.

Wapigakura walipofunga karatasi zao, baada ya fainali ya ligi ya Mountain West, Jeanty alikuwa na yadi 2,497 katika mechi 13. Alikuwa amepungukiwa yadi 131 kuifikia rekodi ya Sanders. Amebeba mpira mara 344, wastani wa yadi 7 na robo kila mara. Gawanya mwenyewe: kwa wastani huo, mara kama 18 zaidi zingemfikisha. Mara 18, igawe kwa vile vipindi viwili vya pili alivyokaa pembeni, ni mara tisa kila kipindi. Na hao walikuwa wapinzani dhaifu, ambao kila akiwagusa alipata yadi 13. Kwa hiyo anayesema benchi halikuwa na uzito wowote, naomba aje na hesabu yake. Ya kwangu inasema kijana angeingia kwenye kura akiwa na rekodi iliyodumu miaka 36 mkononi.

Je, rekodi hiyo ingempa tuzo? Hunter alipata pointi 2,231, Jeanty 2,017. Tofauti 214, na ilikuwa karibu kuliko kura zote tangu 2009, Mark Ingram alipompita Toby Gerhart kwa pointi 28. Mpigakura aliyeandika Hunter wa kwanza na Jeanty wa pili, akiwageuza tu, tofauti inapungua kwa pointi 2. Kwa hiyo walihitajika wapigakura 108 wa kubadili mawazo. Hunter alikuwa na kura 552 za nafasi ya kwanza, Jeanty 309. Kati ya hao 552, je, 108 wangeshawishika na kichwa cha habari kinachosema "Avunja rekodi ya Barry Sanders"? Nadhani wengi wangeshawishika. Mia na nane, sijui, sitaapa. Ila nafasi ilikuwepo na ikapungua.

Kuna wanaojibu kwamba Sanders aliweka yadi zake kwa mechi 11 tu, na mechi yake ya mwisho ya bakuli (bowl, mechi maalumu ya baada ya msimu), aliyopata yadi 222, haikuhesabiwa kwa kanuni za wakati ule. Ni kweli kabisa. Wapigakura wenye umri wangelisema hilo, na rekodi ya mechi 13 ingepoteza ladha kidogo kwao. Pia Jeanty alikuwa anatoka ligi isiyo kubwa, na mshindi wa mwisho wa Heisman kutoka nje ya ligi kubwa ni Ty Detmer wa BYU, mwaka 1990. Halafu saa. Mechi ya Hawaii, ambayo alipata yadi 217, ilianza wakati New York inakaribia usiku wa manane. Mwandishi wa huko aliamka asubuhi akasoma namba tu. Hayo yote Danielson hakuyasababisha.

Na Hunter mwenyewe, wakuu, tumpe haki yake. Alicheza kushambulia na kulinda katika mechi moja, kitu ambacho vijana wa leo hawafanyi. Kocha wake, Deion Sanders, alimwacha uwanjani karibu muda wote, na kule kutokutoka ndiko kulikomjengea jina. Hapo ndipo mleta uzi ana hoja yenye nguvu kuliko anavyojua: kocha mmoja alimwonesha mchezaji wake kwa kumchosha, mwingine akamficha wake kwa kumpumzisha. Lakini kumbukeni pia Hunter aliumia bega dhidi ya Kansas State tarehe 12 Oktoba na hakurudi kipindi cha pili. Alipona. Angeweza asipone.

Sasa swali la pili, kama kocha alikosea. Hapa naandika kama mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho, ingawa changu ni cha plastiki.

Nafundisha timu ya watoto, mpira wa miguu, wengi ni wa familia za Kikongo na Kirundi. Msimu mmoja nilikuwa na binti wa miaka 12, mshambuliaji, mwenye mguu wa kushoto ambao sijauona kwa watoto wengine. Mechi ya mwisho tulikuwa tunaongoza 6 kwa 0, yeye kafunga manne. Akifunga moja zaidi analingana na mfungaji bora wa ligi, na kulikuwa na kikombe. Nilijua. Nikamtoa, nikaingiza watoto wawili ambao mwezi mzima walikuwa wamegusa mpira dakika chache tu.

Baba yake alikuja mpaka kwenye mstari. "Kocha, juu ya nini unamutosha mutoto?" Kwa Kiswahili chao cha Kivu, kumtosha mtu ni kumtoa. Mimi wa Morogoro, miaka ya mwanzo neno hilo lilikuwa linanichanganya, kwa sababu kwetu kutosha ni kufika kiasi. Siku ile yote mawili yalikuwa yamekutana. Sikuwa na jibu la haraka. Binti alikaa kwenye nyasi akavua viatu, hakunitazama.

Jumapili nilikwenda kwao. Nilikaa na baba na mama, binti akaitwa. Nikamwambia: nilijua umebakiza goli moja, nimekutoa nikijua, kikombe kile nimekukosesha mimi. Sikumwambia kwamba kikombe si kitu, maana kwake kilikuwa kitu. Nikamweleza habari ya wale wawili waliokuwa benchi. Mama alinipikia fufu na sombe. Baba hakunisalimia kwa wiki mbili baada ya hapo, nami sikumlaumu.

Kwa sababu hiyo sipendi tunapomtetea Danielson kwa kusema hakuna alichomnyima kijana. Alimnyima kitu. Kocha anayemtoa mchezaji ananyima, ndiyo kazi yenyewe, na ni afadhali kukiri kuliko kujificha nyuma ya matokeo.

Lakini jiwekeni mahali pake tarehe 5 Oktoba. Jeanty ana yadi 1,031 katika mechi tano. Mbele kuna mechi saba za ligi na nje ya ligi, na fainali mkiifikia. Hakuna mtu duniani anayejua siku hiyo kwamba mwisho wa hesabu itapungua yadi 131. Mnachojua ni kwamba mkimbiaji hupigwa kila akibeba mpira, mechi imeshaisha, na benchi kuna vijana wanaotakiwa kuwa tayari yeye akiumia. Mkimuacha aendelee akavunjika goti mkiongoza kwa mabao mengi, tungekuwa na uzi mwingine hapa, mkali kuliko huu, na mleta uzi angekuwa wa kwanza kuuliza kwa nini hakutolewa. Mara zile alizopumzika Septemba na Oktoba, mimi naamini ndizo zilizompa miguu ya kubeba mara 37 mwishoni mwa Novemba. Mpaka kufikia mchujo tulikuwa tumepoteza moja tu, ile ya Oregon, 37 kwa 34, iliyoamuliwa kwa teke la mwisho. Tukaingia kwenye mchujo wa kwanza wa timu 12 wa kuwania ubingwa wa taifa, tukipangwa nafasi ya tatu.

Na Aprili 2025 Raiders wa Las Vegas, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, walimchukua wa sita kati ya vijana wote waliotoka vyuoni. Anayesema kocha aliharibu maisha yake ya mbele, huko mimi simfuati.

Ngoja nimalizie na Desemba 31. Fiesta Bowl dhidi ya Penn State, robo fainali ya ule mchujo. Kura zilikuwa zimeshapigwa, Hunter ana tuzo yake, lakini rekodi ilikuwa bado mezani: yadi 131 kuifikia. Baba wa yule binti alikuwa amenialika kwake tuufunge mwaka, tukawasha runinga. Usiku ule Danielson hakumpumzisha, alimpa mpira mara 30. Penn State walimbana tangu mwanzo, kila akiingia wanamkuta watatu. Tulipigwa 31 kwa 14. Binti alikuwa sakafuni na karatasi, anajumlisha kila alipoanguka. Mara ya mwisho akasoma: 2,601.

Baba yake akatoa mwenyewe kwa kichwa. "Kumebakia makumi mbili na saba," akasema, akanigeukia, akanitazama muda mrefu. Kisha akanisukumia sahani ya samaki.