Ukiomba mvua Mombasa, panda kwanza uangalie gata ya paa

Walahi mwezi wa pili na wa tatu hapa kwetu si mchezo. Ukiangalia simu inakwambia 32, 33, na mtu wa bara atakucheka mbona hata kwao hufika hapo, lakini huyo hajui fukuto, hewa imejaa bahari, jasho halikauki, unatoka kuoga na kabla hujafunga kifungo cha shati ushalowa tena. Feni kazi yake ni kuzungusha joto tu kutoka kona hii kupeleka ile. Watoto wana harara shingo nzima, na tokeni za stima zinaisha kama karanga.

Lakini mimi kinachonimaliza zaidi ni mbingu. Yani imepauka, si bluu si kijivu, iko rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Hapa Mikindani siku safi nikipanda juu ya nyumba naiona milima ya Shimba kule ng'ambo, kijani kabisa, lakini kaskazi, huu upepo wa msimu wa joto, ikikolea yapotea, kwa huo ukungu wa joto, na vumbi, na huyu jirani anayechoma taka kila magharibi (anajijua). Kila asubuhi napanda na kikombe changu cha chai kuangalia kama Shimba imerudi.

Mwaka mmoja nilikuwa nimechoka hivi hivi, nikamuuliza mzee wa hapo jirani, mvuvi wa siku nyingi, nikamwambia shikamoo baba, hii mvua ni lini? Akanambia, "Marahaba mwanangu. Ngoja tangambili ipite, kusi ikishika utaomba ikome." Tangambili ni kile kipindi pepo zinapobadilika, na kusi ni upepo wa kusini unaokuja baada ya kaskazi. Nikacheka. Mimi niombe mvua ikome?

Basi ikaja, saa nane za usiku, kishindo juu ya mabati kama watu wanamwaga kokoto. Nikatoka na kikoi tu, nikasimama uani mdomo wazi, nakwambia raha ile siwezi kuieleza. Raha ya kama robo saa. Manake mtaro wa nyuma ulikuwa umejaa chupa za soda na nepi, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 lakini chupa nani kazigusa, na maji yakakosa njia yakaingia ndani. Mkeka ukaelea. Gunia la unga lilikuwa chini, likanywa maji mpaka likapasuka.

Asubuhi ndio kichekesho. Nafungua mfereji, mkavu. Kumbe maji yetu mengi ya mfereji yanatoka mbali, chemchemi ya Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho karibu na mto Sabaki, kwa hivyo inyeshe hapa mpaka tuote magamba, bomba likiwa na shida huko njiani wewe huna maji. Nikamwita kijana wa mkokoteni, akaja kajifunika nailoni kichwani, tukasimama mimi na yeye tumelowa chapa chapa, nanunua mitungi ya maji huku mvua inatunyeshea. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Tangu siku hiyo, mimi nikianza tu kutamani mvua najua ni wakati wa kupanda juu na fagio. Hesabu yenyewe ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ya paa ni lita moja. Paa dogo tu la mita mraba 50, mvua ya milimita 20, hiyo ni lita 1000, mitungi 50 ya lita 20, hata ukipoteza kidogo kwa kumwagika bado unacheka. Na Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi, haiji mara moja ikaisha.

Sasa gata. Usafishe kabla, si siku wingu limetanda. Mimi yangu nilikuta majani ya mwarobaini yameshikana kama mkeka, na mifupa, ndio, mifupa ya kuku, hawa kunguru wetu wanakula huko wanakuja kutupa kwangu. Ndio maana mvua ya kwanza usiikinge, iache ioshe paa, ile chumvi ya bahari na vumbi na kinyesi cha ndege vyote viende, ndio uingize bomba kwenye tangi. Na hayo maji mimi nafulia, nadekia, naogea. Ya kunywa nachemsha, bila ubishi.

Halafu funika. Tafadhali funika, na kama tangi lina tundu weka chandarua. Wale mbu wa dengi na chikungunya wanapenda maji safi yaliyotulia, na wanauma mchana. Mimi chikungunya ilinipata 2018, ikizunguka mji mzima, nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya magoti, sasa nikiona ndoo wazi na maji ya jana naimwaga hata kama si yangu, wacha wanitukane.

Mtaro nao wakusanye majirani Jumamosi moja, sepetu mbili na mkokoteni wa kukodi, ukingoja waje wenyewe wa kuzoa utangoja sana.

Leo asubuhi nimepanda tena na chai yangu. Shimba haionekani bado. Na kwenye gata niliyosafisha juzi, kunguru ashaweka paja la kuku.