Kwa anayetaka kuhamia bonde la Lukuledi: maji na joto

Ndugu mleta mada, umeuliza iwapo ni busara kuhamia shambani pamoja na familia katika bonde la Mto Lukuledi, mkoani Lindi, tangu Novemba hadi mpunga uvunwe, na umesema unachohofia ni mafuriko tu. Mimi nimelima bonde hilo kwa misimu mingi, na kwa maoni yangu joto nalo lihofiwe.

Tuanze na mto. Lukuledi huanzia upande wa Masasi, kwa hiyo mvua itakayokufurikia huenda wewe usione hata tone lake. Ndiyo maana jioni tunachomeka vijiti viwili ukingoni, kimoja maji yanapoishia na kingine hatua moja juu yake, na kabla ya kulala mtu hushika tochi akavitazama. Maji yakigeuka rangi ya udongo na kuanza kubeba majani mabichi na matawi, hatungoji kijiti cha pili kizame. Ukiwa na jamaa wanaoishi juu ya mto, simu yao ina faida kubwa kuliko kutazama mawingu ya kwako.

Dungu, yaani kibanda cha shambani kilichoinuliwa juu ya nguzo, lisikudanganye ukadhani utaokoka humo. Limejengwa kwa ajili ya kuwinga ndege na kufukuza nguruwe, na nguzo zake zimesimama katika udongo uleule utakaolegea. Chagua njia ya kupandia mlimani wakati wa kiangazi, na isipite kwenye korongo, kwa kuwa mara nyingi makorongo hujaa kabla ya mto wenyewe. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hubeba gari. Wanaojivunia kukijua kivuko wakumbuke kwamba Mei 2024, wakati wa mvua za kimbunga Hidaya, hata barabara ya lami ya kwenda Dar es Salaam ilikatika pale Somanga, wilayani Kilwa.

Joto huwa kali zaidi Novemba na Desemba, mvua zikiwa hazijakolea, na kwa unyevu wa pwani jasho halikauki, hivyo mwili haupoi. Sisi hulima alfajiri hadi saa nne, tukapumzika chini ya mwembe, tukarudi saa kumi. Kunywa maji kabla ya kiu. Mtu akishikwa na kizunguzungu au misuli ikikaza, apumzike kivulini na anywe maji. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku ngozi ikiwa ya moto, mvue nguo za juu, mmwagie maji, mpepee, na apelekwe kituo cha afya mara moja. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Joto hilohilo ndilo linalowavuta watoto kwenda kuoga mtoni adhuhuri, hata siku ambayo maji ya juu yako njiani, kwa hiyo wawekeeni ndoo za kuogea kambini.

Baada ya mafuriko, vyoo vikiwa vimefurika, maji ya kunywa yachemsheni yote, kwa maana kipindupindu hufuata hapo. Kabla hujajenga kambi, waombe wazee wa kijiji wakuonyeshe mti ambao maji yaliwahi kuufikia, kisha ujenge juu ya hapo.